Kima wa Kibarua na Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Haya niliyaona kwa macho yangu, nimekalia uzio wa zizi. Asiyeamini shauri yake.

Nyani, mkamuaji wa Ngiri, alikwenda kuozesha binti. Ngiri bahili akamwita Kima ashike zamu. Kima alikuja peku, mtoto mgongoni, akazama topeni hadi magotini. Alimwimbia ng'ombe Madoa, akampasha chuchu joto kwa viganja, akajaza ndoo.

"Mzee, naomba gambuti, na kikombe cha maziwa ya mtoto."

"Kibarua wa siku tatu, gambuti za nini?" Ngiri alicheka. "Kesho usije. Nitakamua mwenyewe."

Kima akaondoka akimbembeleza mtoto asilie njaa.

Asubuhi Ngiri akashika chuchu kwa kwato zake. Madoa akabana maziwa, halikutoka hata tone.

"Toa basi, mama!"

"Nimtolee nani, baba, na kwato za baridi hizo? Mwite mwenye mikono."

Kima akaitwa. Alipoanza tu kuimba, maziwa yakatiririka. Kikombe cha kwanza akapewa mtoto, na Ngiri mwenyewe akamvisha Kima gambuti mpya.

Yote kweli tupu. Ila hizo gambuti mpya nimezitia mimi kwenye hadithi. Roho ilikataa kumwacha peku kwenye tope lile.