Kondoo Walionyolewa

Mghoi alipofika zizini kuchukua mgawo wa wanyama sita aliousiwa na marehemu mumewe, alikuta kondoo na mbuzi wote wamenyolewa mpaka ngozi. Shemeji yake, Mwakio, alisimama langoni na mkasi mkononi.

“Haya, shemeji, chagua sita wako.”

“Nichague nini? Sufu yote umeikata, nawe wajua nakula kwa kufuma! Hawa nimewalea mimi tangu wakinyonya.”

“Chagua au uondoke.”

Mghoi alimsukuma kando, akalifungua lango lote, akawaita wanyama kama alivyowaita kila asubuhi. Kisha akashika njia ya mjini bila kugeuka. Nyuma yake, huku Mwakio akipiga kelele, Mghoi alisikia kwato zikimfuata, kwanza chache, kisha nyingi.