Wazee Walipokuja Kumwona Mke wa Lusweti

"Baba, nitumie sufuria ipi?"

Sauti ya mwanamke ilitoka jikoni, laini, yenye adabu. Sebuleni wazee watatu wa kanisa wakaangaliana. Hata sufuria anaiombea ruhusa? Jameni!

"Ile kubwa," akajibu Lusweti. Aliutaka uzee wa kanisa kuliko kitu chochote duniani, na kanisa lao la Kayole lilikuwa na sharti moja: asiyeweza kusimamia nyumba yake hapewi kundi. Basi Mchungaji Mwanzia na wenzake huja nyumbani kwako, hunywa chai na kumtazama mke. Mwezi uliopita walikuwa kwa Muindi. Mkewe aliwaambia waziwazi kwamba sukari imeisha na Muindi ana miguu, aende dukani. Uzee wa Muindi ukaishia hapo hapo.

Na mdomo wa Everline, mke wa Lusweti, ulijulikana ploti nzima. Wazee walikuwa wameusikia tu, mwenyewe hawajamwona, maana kila Jumapili yuko sokoni Gikomba na mitumba yake.

"Baba, majani ya chai yako wapi?"

"Kabatini, juu."

"Asante, baba."

Mzee Muturi akatikisa kichwa kwa wivu. "Wangu huingia hata mfukoni mwangu bila hodi!"

Chai ikaja. Mwanamke akapiga magoti, akawanawisha mikono mmoja mmoja, macho chini. Lusweti akatazama dirishani, kisha mlangoni.

"Mama," akauliza Mchungaji, "mume akisema jambo usilolipenda, unafanyaje?"

"Nanyamaza, Mchungaji. Nampikia, halafu namwombea."

"Amina!" Mchungaji akainuka, mandazi bado mdomoni, akamshika Lusweti mkono. "Kuanzia leo, wewe ni Mzee Lusweti!"

Lusweti nusura alie kwa furaha. Acha Muindi asikie!

"Mama, tufungie kwa maombi."

Akafumba macho, akainua mikono. Loo, huyu ni mwombaji hasa. Akishaanza, hujisahau kabisa. Aliombea wagonjwa, akaombea wasio na kazi, akaombea Kenya nzima, wazee wakiitikia amina kwa nguvu mpaka majirani wakasikia.

"Na mume wangu Odero, ee Bwana," akamalizia, machozi yakimtiririka, "umlinde huko kiwandani, maana hajui niko hapa."