Kupatwa Kabla ya Wakati

"Inafifia," Mwalimu alisema, jicho limeganda kwenye darubini. "Bwana wee, inafifia na wakati wake bado."

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amekaa pembeni juu ya paa, akipuliza chai. "Kwa hiyo leo hatuli?"

Mwalimu alizidi kuchungulia. Nukta ile aliyoitazama ni nyota mbili: jitu jekundu na mwenzake mdogo wa buluu. Kila baada ya miaka mingi, mdogo hupatwa: hupita nyuma ya jitu. Kabla hajafichika kabisa, mwanga wake hupenya kwenye gesi inayolizunguka jitu, ukafifia kidogo kidogo, na kwa kufifia huko wataalamu hujua gesi hiyo imeenea mpaka wapi. Vitabu vilisema buluu ingeanza kupungua mwakani. Yeye alikuwa akiiona ikipungua wiki hadi wiki, huku nyota jirani, nyekundu na za manjano, zikiwa vile vile.

Basi gesi ya jitu lile ilienea mbali kuliko alivyojua mtu yeyote, na aliyeigundua ni yeye, mstaafu wa sekondari. Lakini bila vipimo vya darubini kubwa nani angemsadiki? Na zamu nyingine ya kupatwa ingekuja keshazikwa zamani.

Akampigia mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mtaalamu kwenye kituo cha kuchunguza nyota.

"Shikamoo, Mwalimu. Jana tumeipima kama ulivyoomba. Iko kawaida tu."

"Marahaba. Vyombo vyenu vimechoka, mwanangu. Pimeni tena."

"Mwalimu, darubini ina foleni. Hata hiyo nafasi ya jana niliipata kwa kuomba tu. Nisamehe."

Ikawa ndiyo basi. Alishusha simu.

"Wananiona nimezeeka akili," alimwambia mumewe. "Na wewe, hiyo taa ya ngazini umeibadilisha lini? Ya manjano mno."

"Taa ni ile ile, mke wangu. Twende tukale."

"Tangulia."

Fundi aliinuka. Akachukua kikombe chake, akashuka.

Mwalimu akarudi kwenye darubini. Hakuwa na chombo cha kupimia wala cheo cha kumfanya asikilizwe. Buluu ilikuwa imebaki kidogo sana, inamponyoka hivi hivi anaiona, na hakuna alichoweza kufanya isipokuwa kuitazama ikienda. Uchungu ukamzidi, machozi yakamtoka.

Jicho la kulia, alilochungulia nalo tangu ujana wake, likajaa maji hata likawa halioni kitu. Akalifumba, akaweka la kushoto.

Nyota ilikuwa ya buluu, kali, kama mwaka jana. Akageukia taa ya ngazini kwa jicho hilo hilo: nyeupe.