Dua ya Chinichini

Nyanya alisikiliza kwaya ikiimba kwenye simu. Kajuju, mjukuu wake, hakumwondolea macho.

Mara ya kwanza fundi wa mjini Laare alipohamisha kaseti ya zamani ya ibada hadi kwenye simu, alipandisha sauti zote zikalingana. Dua ya marehemu babu ikatoka na kelele sawa na kwaya, na nyanya akaisukuma simu kando. "Huyo ni muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Babu yako hakuwahi kunipigia kelele."

Kajuju alirudi kwa fundi. "Rudia, kaka. Kwaya iimbe kwa nguvu bila kukwaruza, na babu abaki chini vile alivyokuwa."

"Sasa utasikia nini, dada?" Fundi alicheka, lakini alirudia. Alipokuwa akiitoa kaseti, utepe mkuukuu ukakatika. Babu akabaki kwenye simu tu.

Sasa kwaya ilipaa, safi, haikupasuka hata akina mama walipopiga vigelegele. Halafu ikaisha. Kukawa kimya, kimya kabisa. Labda fundi alisema kweli, Kajuju akawaza, babu hatasikika.

Nyanya akainama. Akasogeza kitambaa cha kichwa, sikio lake lenye makunyanzi likagusa kioo cha simu, na pale akatulia. Midomo yake ikaanza kucheza polepole.

Kajuju akashusha pumzi. "Ni yeye, nyanya?"

"Wee, nyamaza! Tunaomba."