Sumaku Chini ya Nyuzi

Gitaa lile la umeme lilikuwa mali ya Mzee Kilango, mwenye bendi, kama vyombo vyote. Mwanamuziki akihama, huondoka mikono mitupu. Kabla ya mazoezi, Chuwa, mpiga gitaa wake, alishika bisibisi, akaishusha kidogo sumaku iliyo chini ya nyuzi. Miaka yote ilikuwa imezisogelea mno, ikizivuta hata sauti ikafia njiani. Sasa alipopiga, uzi ulilia mpaka mpiga ngoma akageuka.

“Nani kakutuma?” Mzee Kilango alikuwa mlangoni. “Irudishe ilipokuwa.”

“Lakini Mzee, si umesikia?”

“Nimesikia, mwanangu. Na wa bendi nyingine nao watasikia, waje wakuchukue.”

Chuwa akarudisha bisibisi kwenye skrubu ya sumaku. Uzi mmoja ulikuwa bado unalia. Akaungoja unyamaze.