Moto wa Njano

Nilirudi na kamba za kufungia nyanya, nikachungulia kupitia nailoni ya banda la nyanya. Moto wa jiko la gesi ulikuwa wa njano.

Jiko lile huwashwa asubuhi na mlango ukafungwa, ili hewa ya kaboni inayotoka kwenye moto iyashibishe majani. Jani huchanganya hewa hiyo na maji, likajipikia chakula kwa mwanga wa jua. Jua likijificha, majani hayapiki, na jiko linatakiwa kuzimwa. Leo mawingu yalitanda tangu saa tatu.

"Moto wa buluu unalisha nyanya," msimamizi wa shamba alitufundisha. "Wa njano unaua watu."

Mama mdogo alikuwa humo ndani, amekaa chini kati ya mistari ya nyanya, ameegemeza shavu kwenye ndoo.

"Mama mdogo, toka nje."

"Ngoja wanangu washibe," akajibu, ulimi mzito. Kila siku huziita nyanya wanawe, nami hucheka. Leo nilikimbilia mlango.

Nilivuta mlango. Alikuwa ametia komeo kwa ndani, upepo usiufungue.

"Njoo ufungue komeo, tafadhali."

"Miguu imegoma, mwanangu. Kichwa nacho kinagonga."

"Usithubutu kuchana nailoni," msimamizi alisema nyuma yangu. "Ni mpya hiyo. Naleta nyundo."

Kidole cha mama mdogo kilikuwa kinapapasa jani moja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Kisha kikaacha.

Nilichomeka kisu cha kukatia kamba kwenye nailoni, juu ya kichwa changu, nikakivuta mpaka chini. Nikabana pumzi, nikaingia.