Mwiba wa Ngiri

Ngiri alikuwa mgomvi. Siku alipochomwa na mwiba takoni hakutaka dawa, alitaka mtuhumiwa, akawaita wanyama wote kikaoni.

Korongo, mtawa wa Kibuddha mwenye mdomo mrefu na maneno machache, alifika kumjulia hali. "Pole, jirani. Geuka niuchomoe."

"Usiuguse!" Ngiri alifoka. "Kwanza nijue nani kautega. Ni Sungura? Ni Nungunungu? Na kwa nini mimi?"

"Buddha alifundisha kwamba mtu akipigwa mshale, achomolewe kwanza. Akisubiri kumjua aliyempiga, atakufa akiuliza."

"Buddha hakuwa na majirani kama wangu."

Siku ya tatu tako lilikuwa limevimba kama boga, na Ngiri bado anahoji mashahidi. Aliposimama na kuinama kumkaripia Sungura, Korongo akapita nyuma yake, akauchomoa mwiba. Ngiri akasikia raha mwili mzima. Kisha akapiga kelele.

"Mwizi! Huo ni ushahidi wangu! Uweke juu ya kigoda changu, hapo hakuna atakayethubutu kuugusa!"

Korongo akauweka. Ngiri akamgeukia Nungunungu, akamtukana mpaka pumzi ikamwishia, kisha akajibwaga kwenye kigoda chake kupumzika.

Akaruka juu akilia.

"Aliyeutega wa sasa tunamjua sote," alisema Korongo. "Utageuka, au tuanze kikao?"